Mkwe Kwenye Meza ya Wino

Emiliana alikosa mengi maishani, lakini kura hakuwahi kuikosa. Alikosa shule, kwa sababu baba yake alihitaji mtu wa kuchunga mbuzi. Alikosa mavuno mwaka ule mvua ilipokatika uwele ukiwa ndio kwanza unatoa masuke. Alimkosa mumewe Stefano, aliyekwenda hospitali Singida mjini akitembea kwa miguu yake, akarudishwa amelazwa nyuma ya gari, amefunikwa shuka. Lakini kila siku ya uchaguzi ilipofika, tangu alipokuwa mke mchanga mpaka sasa ambapo magoti yalimlalamikia kila alipoinuka, alioga maji ya moto alfajiri, akavaa gauni la kanisani, akaenda.

Watu wa kijiji chake, nyuma ya vilima vya upande wa Nduguti, walidhani ni ukereketwa wa chama. Haikuwa hivyo. Emiliana hakuwa na kofia ya chama wala fulana ya chama, na kanga alizogawiwa kwenye mikutano alizifanya mbeleko za wajukuu. Sababu yake ilikuwa ya zamani, na hakuwahi kumweleza mtu.

Uchaguzi wake wa kwanza ulikuwa wa zama za chama kimoja, wagombea wawili wa ubunge wakitambulishwa kwa picha, mmoja jembe, mwingine nyumba. Stefano alimwambia, "Weka kwenye jembe," kama anavyomwambia afunge ndama. Akaweka kwenye jembe. Uchaguzi uliofuata Stefano akasema nyumba. Emiliana akaingia, akajikuta peke yake nyuma ya ubao. Hapakuwa na mume. Hapakuwa na mama mkwe. Hapakuwa na balozi wa nyumba kumi. Hata Hezekia, mtoto wake wa kwanza aliyekuwa mgongoni, alikuwa amelala. Akasimama pale na penseli mkononi, akakumbuka kwamba yule wa jembe safari hii ndiye aliyepita kisimani akawauliza wanawake wanaanza kuchota saa ngapi. Akaweka kwenye jembe.

"Umeweka nyumba?" Stefano alimwuliza wakati wa kula.

"Walisema ni siri, baba Hezekia."

"Siri kwangu?"

"Walisema kwa kila mtu."

Stefano akamega tonge, akalitazama, akalila. Hakuuliza tena mpaka anaingia kaburini.

Wapo wanaosema kwamba kura ya mwanamke wa kijijini ni ya kilo ya sukari. Wanasema hivyo wakiwa wamekaa kwenye viti virefu, na hawajawahi kuishi maisha ambayo kila neno lako lina mwenye kulisahihisha: ulime wapi, uuze mbuzi yupi, binti aolewe na nani. Mtu wa namna hiyo akipewa sehemu moja tu ya kusimama bila kusahihishwa, hata iwe pana kama mlango wa choo, ataitembelea kwa magoti. Emiliana aliitembelea kila baada ya miaka mitano.

Basi, mwaka huu ndipo ilipokuja habari ya mkwe.

Raheli, kitindamimba wake, aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi aitwaye Nathan, nao wakakaa Nduguti. Nathan alikuwa kijana mpole, mrefu, mwenye kutembea kana kwamba anaomba radhi kwa urefu wake. Emiliana alimpenda. Alimpenda jinsi mama mkwe wa huko anavyompenda mkwe wake wa kiume, yaani kwa kutomtazama. Hawakupeana mkono. Hawakukaa chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja aliacha njia akaingia shambani mpaka mwenzake apite. Nathan alipokuja kusalimia alikalishwa nje upande wa zizi, na Emiliana akabaki jikoni, maneno yakapita kwa Raheli. Raheli akiwa hayupo, yalipita kwa yeyote. Kuna siku nyumba ilikuwa tupu kabisa, Emiliana akasimama nyuma ya mlango wa jiko akawaambia kuku wake kwa sauti, "Mwambieni mgeni uji upo, usipoe." Na Nathan akawajibu kuku wale wale, "Mwambieni mama nashukuru."

Mtu wa kuja angecheka. Lakini wenyewe hawakuona cha kuchekesha. Kumwonea mkwe aibu ndiko kumheshimu, na heshima hiyo ndiyo inayomkinga binti na tumbo lake. Ndivyo walivyofundishwa.

Na lilikuwepo jambo la kuwatia hofu. Miaka kadhaa nyuma, siku ya gulio, Emiliana alikuwa anashuka kwenye gari na mfuko wa dagaa, mfuko ukamponyoka. Mtu akaudaka, akamrudishia, vidole vikagusana. Alipoinua macho, alikuwa Nathan. Wote wawili waligeuka wakakimbilia pande mbili kama wezi. Raheli alikuwa na mimba wakati ule. Ilitoka kabla mwezi haujaisha. Ya pili ikatoka vile vile. Daktari aliwaeleza habari ya presha, Emiliana akamsikiliza na kuitikia. Hakumpinga daktari. Lakini usingizi ulipokataa kuja, hakuwaza presha, aliwaza mfuko wa dagaa. Baadaye Mungu akawapa mtoto, wakamwita Shukuru. Na sasa, Oktoba hii ya uchaguzi, Raheli alikuwa mjamzito tena, tumbo limeshaonekana.

Watu wa kitongoji cha Mlimani, alikoishi Emiliana, walizoea kupigia kura kwenye ofisi ya kijiji. Mwaka huu wapiga kura walikuwa wameongezeka, wao wakahamishiwa shule ya msingi. Majina yalipobandikwa, Emiliana alikwenda na Theresia, mjane mwenzake wa nyumba ya jirani, wakasomewa, wakaonyeshwa, wakarudi wametulia. Hakuna aliyempelekea Raheli habari ya kuhama kwa kituo. Ilikuwa habari ndogo.

Upande wa pili Nathan aliteuliwa kuwa karani wa uchaguzi, akapangiwa kituo cha shule kwenye kijiji cha ukweni. Alimwuliza Raheli kama kuna tatizo. Raheli akasema mama anapigia ofisi ya kijiji, wewe utakuwa shuleni, hamtaonana. Mtu wa kabila lingine angepiga simu moja tu, "Mama, mwaka huu unapigia kura wapi?" Lakini mkwe haulizwi anakwenda wapi. Ukimwuliza ni kama unamfuatilia. Kwa hiyo heshima ile ile iliyowatenganisha miaka yote ndiyo iliyowapeleka chumba kimoja.

*

Siku yenyewe upepo wa kiangazi ulivuma tangu asubuhi, vumbi likapanda mpaka kwenye madirisha ya shule. Mstari ulikuwa mrefu, umekunja kona ya darasa la tatu. Watu walikuja na kadi zao za mpiga kura mkononi, wengine wamezifunga kwenye ncha ya kanga.

"Umeoga utafikiri unakwenda kuposwa," Theresia alimwambia.

"Wewe hujaoga ndiyo maana hawakuposi."

"Mimi nikiposwa saa hizi, mposaji apimwe akili kwanza."

Wanawake waliokuwa mbele yao wakageuka wakacheka. Kijana mmoja akatoka kwenye mstari akaja, akainama kidogo. "Shikamooni bibi zangu."

"Marahaba, Chrispin. Hujambo?"

"Sijambo. Bibi, kwa nini mmesimama huku? Wazee na wajawazito hawapangi foleni. Ni haki yenu, siyo msaada."

Chrispin alikuwa amemaliza chuo miaka miwili iliyopita, akarudi nyumbani na cheti na hasira. Aliendesha bodaboda, na kila abiria wake alishuka amefundishwa katiba. Kampeni zote alikuwa akiwaambia vijana wenzake wasiuze kura, wasiogope, walinde kura zao kwa amani lakini kwa macho. Wengine walimwona msumbufu. Emiliana alimpenda, kwa sababu hakuna mwingine aliyewahi kumwita mpiga kura badala ya mama wa watu.

Karani mwongozaji, yule anayeelekeza watu mlangoni, akawaona, akawaita. "Bibi pita mbele. Kadi unayo? Simu kama unayo izime. Ukiingia utaonyesha kadi, jina litatafutwa, utapewa karatasi tatu, ya rais, ya mbunge, ya diwani. Weka alama ya vema kwa unayemtaka, mmoja tu kila karatasi, kunja, tumbukiza. Mwishoni utapakwa wino kidoleni, kisha unatoka mlango ule."

"Najua, mwanangu," alisema Emiliana. "Nilianza kabla hujazaliwa."

Akakanyaga kizingiti cha mlango. Ndani palikuwa na meza ya daftari, mawakala wa vyama kwenye benchi, vituturi viwili vya karatasi ngumu vya kujifichia, na masanduku matatu yenye mifuniko ya rangi tofauti. Na kwenye meza ya mwisho, karibu na mlango wa kutokea, mtu mrefu alikuwa ameshika kidole cha mama mmoja, anakipaka wino taratibu kwa kijiti kidogo.

Emiliana alimtambua kwa mabega kabla hajauona uso.

Hakufikiri. Mkono wenyewe ulivuta kanga ikafunika uso, miguu yenyewe ikageuka. Alimpita Theresia, akaupita mstari mzima kuanzia mlangoni mpaka kona ya darasa la tatu, akashika njia ya nyumbani. Watu waliita, "Bibi, vipi? Bibi Emiliana?" Hakujibu. Angejibu nini? Kulitaja jambo la mkwe mbele ya mstari wa watu ni kumvua nguo mkwe na kujivua mwenyewe.

*

Nyumbani alikaa kwenye kigoda jikoni bila kuwasha moto. Aliutazama mkono wake wa kushoto, kile kidole kidogo kilichopaswa kuwa cheusi. Ataishi mpaka uchaguzi mwingine? Hesabu hiyo aliijua Mungu. Lakini hata akiishi, siku hii haitarudi. Akajiona kama mtu aliyefukuzwa kwenye chumba chake mwenyewe, tena na mtu asiye na kosa.

Theresia alimfuata baadaye, kidole chake kikiwa tayari na wino, akihema.

"Mwenzangu, huko kumeharibika. Wanasema umerudishwa mlangoni. Wengine wanasema jina lako limekatwa. Wengine wanasema yule mwalimu wa wino alikukonyeza utoke. Na Chrispin amesimama barabarani anakusanya vijana."

"Yule wa wino amesema nini?"

"Ameinamisha kichwa tu. Hasemi." Theresia akamtazama. Hakuhitaji kuambiwa. Alikuwa na wakwe wanne. "Ni yeye, siyo?"

Emiliana akatikisa kichwa kukubali.

Mara Chrispin akafika, na nyuma yake vijana kama kumi wakabaki kwenye ua wa miiba. Hawakuwa na silaha, lakini walikuwa na nyuso za watu ambao wamedanganywa mara nyingi mno na sasa wanadhani wamemkamata mwongo mkononi.

"Bibi, tuambie tu jina la aliyekurudisha. Polisi yule pale ni mmoja. Tutafunga mlango wa kituo mpaka upige kura."

"Sikurudishwa na mtu."

"Bibi usiogope."

"Nikuogope wewe niliyekufuta makamasi?" Emiliana alisema. "Ingia ndani, uje peke yako. Waambie hao wakae kivulini."

Chrispin akaingia, akakaa chini kwenye gunia. Emiliana akamweleza kwa maneno machache, macho akiyaelekeza kwenye mafiga. Kijana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapumua kwa nguvu, nusu kicheko, nusu uchungu.

"Hilo tu? Bibi, watu wamekufa ili mimi na wewe tupige kura. Halafu wewe unaiacha kwa sababu ya aibu ya mkwe? Mila hizi ndizo zinatukalisha chini. Wakubwa wanafurahi mtu kama wewe akibaki jikoni."

"Umemaliza?"

"Bado, lakini sema."

"Wewe ulisoma, nami nakusifu. Ila hujazika mjukuu ambaye hajapewa jina. Nimezika wawili. Mmoja alikuwa anaenea hapa." Akaonyesha kiganja. "Daktari alisema presha. Pengine ni presha. Lakini nikimgusa yule kijana leo na kesho Raheli akatokwa damu, utakuja na cheti chako unifute machozi?"

Chrispin aliinamisha kichwa, akaanza kung'oa nyuzi za gunia. Na hapo ndipo mtu mwenye haki anapokutana na jambo ambalo haki yake haina mkono wa kulishika. Alikuwa sawa, na bibi alikuwa sawa, na saa zilikuwa zinakwenda.

"Mpigie Raheli," Emiliana akamwambia, akampa simu yake ya kitochi.

Raheli alipokea haraka. Alikuwa ameshasikia, kijiji hakifichi. "Mama, usiende," alisema kabla hata ya salamu. "Nakuomba. Kura zipo nyingi. Mimi nimeshapiga, ihesabu kuwa ya kwako."

"Ya kwako ni ya kwako, mwanangu."

"Mama, nimelala chali tangu nilipotoka kupiga kura. Akicheza namhesabu. Asipocheza nalia. Usiende."

"Nimekusikia."

"Umenisikia au umekubali?"

"Nimekusikia, Raheli."

Simu ikakatika, au ilikatwa. Emiliana akaiweka juu ya gunia. Nje vijana walikuwa wanabishana, sauti zinapanda. Mmoja alisema yule karani asubiriwe jioni, atapita wapi? Emiliana alilisikia hilo neno. Alijua hekaheka za namna hiyo zinavyoanza na jinsi zisivyojua kumalizika. Mkwe wake angepigwa kwa sababu ya heshima aliyomtunzia. Kukaa kwake jikoni, alikodhani ni kumkinga, kulikuwa kunamtoa sadaka.

Akainuka. Magoti yakamlalamikia, hakuyasikiliza.

"Chrispin. Mimi na yule hatusemezani, daima yupo mtu katikati. Leo mtu huyo utakuwa wewe."

"Mimi bibi?"

"Wewe. Kwanza toka hapo nje uwaambie wenzako kwa mdomo wako kwamba sikufukuzwa na mtu, na kwamba anayemtaka yule mwalimu jioni aanze na mimi. Halafu nenda kwa msimamizi wa kituo. Mwambie Emiliana anakuja kupiga kura. Wino nitachovya, sikatai. Lakini asinishike mtu, wala asinitazame mtu. Nitachovya mwenyewe."

"Na mwalimu Nathan nimwambie nini?"

Emiliana akafikiri. "Mwambie mama anasema chupa aiweke ukingoni mwa meza."

*

Chrispin alikwenda. Kuwaambia watu kwamba uliyowaambia asubuhi hayakuwa kweli si kazi ndogo kwa kijana wa miaka ishirini na tano, lakini alisimama juu ya pikipiki yake akaifanya. Wengine walimzomea. Mmoja alisema amehongwa. Alimeza, akasukuma pikipiki mpaka shuleni.

Msimamizi wa kituo alikuwa mwalimu Rukaiya, mama wa makamo aliyetoka Mandewa, kule Singida mjini, mwenye ushungi mweusi na sauti isiyopanda. Nathan alikuwa ameshamnong'oneza yule bibi ni nani kwake, naye alishajaribu dawa ya kwanza, yaani Nathan atoke nje kidogo na karani mwingine ashike wino. Mawakala wa vyama walikataa wote kwa pamoja, na huko kukubaliana kwao kulikuwa kwa kwanza tangu asubuhi. Karani asitoke, karani asibadilishwe, walisema, baadaye mtu atakuja kuuliza alitokea wapi na aliingia na nini. Rukaiya hakuwalaumu. Kazi yao ilikuwa kutoamini.

Sasa aliposikia ujumbe wa Chrispin, aliwageukia. "Mimi ninachotaka kuona ni wino kwenye kidole cha mpiga kura. Kuna anayetaka kuona kitu kingine?"

Mawakala wakatazamana. Mmoja, mzee wa Kinyiramba aliyeijua mila ile, akasema polepole, "Akichovya mwenyewe tukaona, imetosha." Yule kijana wa upande wa pili akasita, kisha akasema, "Imetosha."

Emiliana hakwenda mbele safari hii. Karani mwongozaji alimwita, akakataa, alitaka kuingia watu wakiisha. Jua lilikuwa limeshainama kuelekea vilimani na wakati wa kufunga ulikuwa unakaribia. Alisimama mwisho kabisa wa mstari, Theresia pembeni yake akimsindikiza, na saa kumi ilipofika askari akaja akasimama nyuma yake, ishara kwamba aliyefika baada ya hapo hapigi tena. Vijana walikuwa wamesimama mbali, ng'ambo ya uwanja wa mpira. Hawakuondoka. Hawakupiga kelele pia.

Alipoingia, darasa lilikuwa limebaki na wenye kazi tu. Alivuta kanga mpaka kwenye nyusi, akatazama sakafu, akatembea kwa kufuata ufa wa saruji. Akatoa kadi. Jina likatafutwa, likasomwa kwa sauti mawakala wasikie, likapigwa mstari. Akapewa karatasi tatu. Akaenda kwenye kituturi.

Humo ndani aliinua uso. Palikuwa kama siku zote, padogo na pakimya. Alikuja na hofu ya Raheli, na uzito wa mikono miwili iliyozika watoto wasio na majina, na maneno makali ya Chrispin, na vyote vilibaki nje ya karatasi ile ngumu vikimsubiri. Alitazama picha moja baada ya nyingine bila haraka. Hakuna aliyemharakisha. Akaweka alama ya vema. Akaweka ya pili. Akaweka ya tatu. Akakunja karatasi, akatoka, akatumbukiza kila moja kwenye sanduku lake.

Ikabaki meza ya mwisho.

Nathan alikuwa ameshasimama. Chupa ya wino ilikuwa ukingoni mwa meza, kwa upande wake Emiliana, imewekwa juu ya kitambaa safi kana kwamba ni kitu cha altare. Kijiti hakikuwepo. Yeye mwenyewe alikuwa amegeukia ukuta, mikono ameifunga mbele, kichwa kimeinama karibu kugusa ubao wa kuandikia, na urefu wake wote ule ameukunja kama mtoto aliyepewa adhabu. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka.

 Mawakala waliacha kuandika. Askari aliyekuwa mlangoni alivua kofia, pengine kwa sababu ya joto, pengine siyo.

Emiliana akanyoosha mkono wa kushoto. Akakunja vidole vinne, akakitenga kile kidogo, akakichovya mwenyewe mpaka kwenye kucha, akakiinua juu mawakala wakione. Wakaitikia kwa vichwa. Rukaiya akasema, "Asante mama," kwa sauti ya chini kabisa.

Kulikuwa na hatua chache kufika mlangoni. Emiliana alizikawiza. Alisimama kizingitini, mgongo wake ukiuelekea mgongo wa mkwe wake, akasema akiutazama uwanja, "Mwambieni mwalimu, Mungu ambariki na kazi yake."

Chrispin alikuwa nje, karibu na mlango. Midomo ilimcheza. Kisha akageuza uso kuelekea darasani, akasema kwa sauti ya kusikika, wala hakukuwa na mzaha ndani yake, "Mwalimu, mama anasema Mungu akubariki na kazi yako."

Na kutoka ukutani sauti nene ikajibu, "Mwambie mama, amina."

*

Giza lilikuwa linaingia simu ilipoita. Emiliana aliipokea kwa mkono wa kulia. Wa kushoto alikuwa ameulaza kwenye paja kana kwamba wino ungemwagika.

"Umekwenda," Raheli alisema. Hakuuliza.

"Nimekwenda."

 Nyuma ya Raheli, Emiliana alimsikia Shukuru akiomba maji.

"Alikugusa?"

"Hakunigusa. Wala sikumwona uso."

"Hukumwona kabisa?"

"Nilimwona mgongo, ule wakati wa kutembea. Mgongo si uso." Alisema hivyo kwa uhakika, ingawa hakuna aliyewahi kumfundisha kama mgongo unahesabiwa. "Anacheza?"

"Alicheza saa hizi hizi. Kabla sijakupigia."

"Vizuri. Lala kwa ubavu wa kushoto, kama walivyokwambia hospitali."

"Ndiyo, mama."

Hakuna aliyekata. Walisikilizana wakipumua, kila mmoja kwenye giza lake, na baina yao kitu kisichojulikana bado kama kitazaliwa.

"Raheli."

"Abee, mama."

"Shati la mwalimu limeachia mshono mgongoni, hapa kwenye bega la kulia. Mshonee."

Raheli akavuta pumzi, na Emiliana hakujua kama ni kicheko au kilio. "Nitamwambia nani ameliona?"

"Usimwambie. Shona tu."